Jinsi Mwangwi Ulivyoondolewa katika Simu

Githongo ni mahali palipo katika nchi ya Meru, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Ni nchi ya mashamba ya chai, yenye migongo mirefu ya ardhi iteremkayo kutoka msituni, na baina ya mgongo na mgongo hupita mto katika bonde. Mtu akisimama upande mmoja wa bonde la namna hiyo, akamwita mwenzake aliye ng'ambo, huenda akasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia kabla mwenzake hajaitika. Sauti hiyo irudiyo ndiyo iitwayo mwangwi. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kila sekunde. Kwa hiyo, ikiwa ukingo wa pili uko umbali wa mita 170, sauti itakwenda na kurudi kwa muda wa sekunde moja.

Bondeni mwangwi ni mchezo wa watoto, lakini katika simu ni adui. Hebu fikiri unazungumza na mtu aliye mbali, na kila neno ulitamkalo linakurudia sikioni nusu sekunde baadaye, wakati umekwisha anza neno jingine. Utasita, kisha utagugumiza, na mwishowe utanyamaza. Mazungumzo ya nchi na nchi, ambayo leo tunayaona kuwa jambo dogo, yasingaliweza kuendelea vizuri kama wahandisi wasingalimshinda adui huyo. Ushindi wao ulichukua zaidi ya miaka 50, na katika insha hii tutaona jinsi ulivyopatikana.

Hapana budi tuanze na nyaya zenyewe. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu huko Marekani mwaka 1876. Nyumba yenye simu ya waya huunganishwa na kituo cha simu kwa nyaya mbili tu, na nyaya hizo mbili huchukua sauti zote mbili, iendayo na ijayo. Mpango huo ni rahisi, na kwa safari fupi hauna dosari. Lakini umeme unaochukua sauti hudhoofika njiani. Kwa hiyo katika safari ndefu ni lazima uongezwe nguvu kwa vikuza sauti. Mwaka 1915, kwa msaada wa vikuza sauti vya namna hiyo, watu wa New York waliweza kuzungumza na watu wa San Francisco, ng'ambo ya pili ya bara la Marekani.

Sasa kikuza sauti kina tabia moja: hufanya kazi kwa upande mmoja tu, kama mlango uruhusuo watu kuingia bila kutoka. Ndiyo sababu, katika safari ndefu, sauti iendayo hupewa njia yake, na sauti ijayo njia yake. Nyaya mbili huwa nyaya nne. Mahali nyaya nne za safari ndefu zinapokutana na nyaya mbili za nyumbani pana kifaa ambacho tunaweza kukiita njia panda. Kazi yake ni kuielekeza sauti itokayo mbali iende kwa msikilizaji peke yake, isipotee na kuingia katika njia ya kurudi. Ili kifaa hicho kifanye hivyo kwa ukamilifu, huwekewa kando yake mzunguko wa umeme ulioundwa kuziiga nyaya za nyumbani. Uigaji ukiwa sawasawa kabisa, hakuna sauti itakayorudi.

Lakini nyaya za nyumba hazifanani. Tuseme duka moja liko hatua mia kutoka kituo cha simu, na shule moja iko kilomita nne ng'ambo ya bonde. Nyaya za duka na nyaya za shule hazina tabia moja ya umeme, na kituo hakiwezi kumtengenezea kila mtu njia panda yake iliyokatwa kwa kipimo chake, kama fundi cherehani akatavyo kanzu. Basi uigaji huwa wa kukisia, na sehemu ya sauti huponyoka na kumrudia aliyeitoa. Angalia jambo moja la ajabu hapa: anayesumbuliwa na mwangwi si yule mwenye nyaya zilizoleta kasoro, bali ni mwenzake azungumzaye naye kutoka mbali.

Katika safari fupi mwangwi huo hurudi upesi mno, hata sikio haliwezi kuutenganisha na sauti yenyewe. Safari ilipokuwa ndefu ndipo taabu ilipoanza. Dawa ya kwanza ilikuwa kuipunguza sauti makusudi. Mzungumzaji husikiwa baada ya sauti yake kupita njiani mara moja, lakini mwangwi wake hupita mara mbili, kwenda na kurudi. Kwa hiyo upungufu wowote utiwao njiani huupiga mwangwi maradufu. Dawa hiyo ilifaa kwa kiasi, lakini ilikuwa na mwisho wake, kwa maana sauti ikipunguzwa mno watu hawasikizani.

Dawa ya pili ilielezwa mwaka 1925 na wahandisi wawili wa Marekani, A. B. Clark na R. C. Mathes. Waliunda kifaa tunachoweza kukiita kizuia mwangwi. Kazi yake ni kama ya bawabu. Husikiliza njia zote mbili. Akisikia sauti inakuja kutoka mbali, huifunga njia ya kurudi, ili mwangwi usipite. Mgeni akinyamaza, bawabu huifungua. Kwa muda wa miaka 40 na zaidi bawabu huyu ndiye aliyelinda simu za masafa marefu, na maadamu safari ya sauti haikuchukua muda mrefu, watu hawakumtambua.

Kisha zikaja setilaiti. Mwezi wa Julai 1963 Marekani ilirusha Syncom 2, na tarehe 23 Agosti ya mwaka ule Rais John F. Kennedy, akiwa Washington, alizungumza kwa njia ya setilaiti hiyo na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, aliyekuwa ndani ya meli Kingsport katika bandari ya Lagos. Hivyo Afrika ilishiriki mapema katika mazungumzo ya simu ya setilaiti. Mwezi wa Aprili 1965 ikarushwa Early Bird, setilaiti ya kwanza ya biashara ya namna hiyo, yenye nafasi za mazungumzo 240 baina ya Ulaya na Marekani.

Setilaiti hizo zilikuwa juu mno, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, kwa sababu katika kimo hicho setilaiti huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha. Tufanye hesabu. Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kila sekunde. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000 au zaidi, yaani karibu robo ya sekunde. Mwangwi hufanya safari hiyo mara mbili. Kwa hiyo humrudia mwenyewe baada ya nusu sekunde. Hakuna waya wa baharini wa zama zile uliokuwa umechelewesha sauti kiasi hicho.

Afrika Mashariki nayo iliingia katika jambo hili mapema. Kabla ya hapo mazungumzo yetu na nchi za mbali yalitegemea sana mawimbi mafupi ya redio, ambayo yalikuwa na mvumo na kufifia kila hali ya anga ilipobadilika. Mwaka 1970 kilifunguliwa kituo cha setilaiti katika Bonde la Ufa, kwenye Mlima Margaret karibu na Longonot, chini ya kampuni ya simu za nje ya Afrika Mashariki. Bakuli lake kubwa la chuma lilielekezwa kwenye setilaiti ya Intelsat juu ya Bahari ya Hindi. Mvumo wa mawimbi mafupi ulipungua sana, na sauti ikaja safi. Hata hivyo ilikuja ikiwa imechelewa robo ya sekunde, na kinga dhidi ya mwangwi iliyotumika duniani katika njia za setilaiti miaka hiyo ilikuwa bado yule bawabu wa mwaka 1925, ingawa alikuwa ametengenezwa vizuri zaidi.

Udhaifu wake ni huu. Watu wawili wanapozungumza hawapokezani maneno kama mahakimu barazani. Huingiliana, huitikiana, mmoja husema "naam" au "kumbe" wakati mwenzake angali anaendelea. Chukua mfano wa mama wa Githongo aliyekwenda mjini Meru kumpigia simu mwanawe asomaye Uingereza, katika siku ambazo simu ya nje ilihesabiwa kwa dakika na kila dakika ilikuwa ghali. Mwana anauliza, "Mama, baba anaendeleaje?" Mama anajibu, "Baba yako ame..." na papo hapo mwana, kwa kuwa robo ya sekunde imepita na hajasikia kitu, anaita, "Mama, unanisikia?" Sauti ya mwana ikifika, bawabu huenda akaifunga njia ya mama. Neno lililofuata halikufika. Je, baba amepona, au amezidiwa? Mwana hajui, anauliza tena, na mama naye anajibu tena, wakigongana njiani. Kinga iliyowekwa ili kuondoa mwangwi imemfunga mama kinywa.

Katika maabara ya Bell huko Marekani, tangu miaka ya mwanzo ya 1960, watu walikuwa wamekwisha ona kwamba bawabu hatafaa kwa setilaiti. Mmoja wao alikuwa John L. Kelly, mtu mwenye akili nyingi katika hesabu, ambaye mwaka 1961 alishiriki katika kuifanya kompyuta iimbe wimbo kwa sauti iliyofanana na ya binadamu. Wazo lilikuwa hili: badala ya kuifunga njia ya kurudi, tuutengeneze mwangwi wa bandia unaofanana na ule wa kweli, kisha tuutoe katika sauti irudiyo, kama vile katika hesabu tano kutoa tano hubaki sifuri. Njia ibaki wazi daima, na sauti ya mtu ipite bila kuguswa.

Lakini mwangwi wa kila simu ni tofauti, kama tulivyoona kwa duka na shule. Nani atakiambia kifaa mwangwi wa simu hii una umbo gani? Kelly alipendekeza kwamba kifaa kijifunze chenyewe, tena kijifunze kwa sauti ile ile ya wazungumzaji, bila kupigiwa mlio wowote wa majaribio. Kelly alifariki mwezi wa Machi 1965, akiwa na umri wa miaka 41. Wenzake waliiendeleza kazi. Man Mohan Sondhi, mzaliwa wa Ferozepur katika India, alichapisha mwaka 1967 maelezo ya kifaa hicho pamoja na hesabu zake. Hataza ya Kelly na mwenzake Ben Logan ilitolewa Marekani mwezi wa Machi 1970, ikapewa namba 3,500,000. Ulikuwa mwaka ule ule kilipofunguliwa kituo cha Longonot.

Sasa tutazame jinsi kifaa hicho, tutakachokiita kifuta mwangwi, kinavyojifunza. Huwekwa karibu na njia panda, mahali mwangwi unapozaliwa. Husikiliza sauti ijayo kutoka mbali kabla haijafika kwenye njia panda, na kuihifadhi kwa muda mfupi. Katika simu za kidijitali sauti hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa namba. Mwangwi si kitu kingine ila ni vipimo hivyo hivyo vilivyorudi vikiwa vimechelewa na kupungua nguvu. Basi kifaa huchukua kila kipimo kilichohifadhiwa, hukizidisha kwa namba iitwayo uzito, kisha hujumlisha yote. Jumla hiyo ni makisio ya mwangwi. Makisio hutolewa katika sauti irudiyo, na kinachobaki, maadamu mtu wa upande huu amenyamaza, huitwa kosa.

Kosa hilo halitupwi. Kila uzito husahihishwa kwa kiasi kidogo kinachotokana na kosa lenyewe, likizidishwa kwa kipimo cha sauti kinachohusika, na kwa namba moja ndogo tuiitayo hatua. Kanuni hiyo ilikuwa imegunduliwa katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1959 na Bernard Widrow pamoja na mwanafunzi wake Marcian Hoff, walipokuwa wakitafuta namna ya kuifundisha mashine kutambua maumbo. Haikuzaliwa kwa ajili ya simu, lakini ikawa ndiyo kanuni iliyofaa zaidi kwa vifuta mwangwi.

Msomaji anaweza kuijaribu kwa kalamu. Chukua uzito mmoja tu. Kipimo cha sauti ni 10, na mwangwi wa kweli ni 3. Kwa hiyo uzito ulio sahihi ni 0.3, lakini kifaa hakiujui. Kinaanza na sifuri, na hatua yake ni 0.005. Makisio ya kwanza ni sifuri, kosa ni 3. Uzito unaongezwa 0.005 mara 3 mara 10, yaani 0.15. Makisio ya pili ni 1.5, kosa ni 1.5. Uzito unakuwa 0.225, na kosa linashuka hadi 0.75. Kila mara kosa linapungua kwa nusu. Sasa rudia hesabu hiyo kwa hatua ya 0.03. Kosa la kwanza ni 3, la pili ni 6 kwa upande wa kinyume, la tatu ni 12. Mwalimu amegeuka kichaa, na mwangwi unakuwa mkubwa kuliko kama kifaa kisingalikuwapo. Wazee waliposema kwamba haraka haraka haina baraka hawakuwa na habari za simu, lakini neno lao limethibitishwa hapa kwa tarakimu.

Liko tatizo la pili. Mtu wa upande huu anapoanza kusema, sauti yake nayo huingia katika kile kinachobaki, na kifaa kinaweza kuidhania kuwa ni kosa lake, kikaharibu uzito wake wote. Kwa hiyo ilibidi kipewe namna ya kutambua kwamba watu wawili wanasema kwa pamoja. Wakati huo huendelea kuufuta mwangwi kwa ujuzi kilichokwisha upata, lakini huacha kujifunza mpaka mmoja anyamaze. Tazama tofauti yake na bawabu: bawabu alipowasikia watu wawili wakisema pamoja alielekea kumfunga mmoja kinywa, kifuta mwangwi hujizuia chenyewe.

Kwa nini basi kifaa kilichoelezwa mwaka 1967 hakikuenea mara moja? Sababu ni wingi wa hesabu. Kuufuta mwangwi unaodumu kwa sehemu 16 za elfu ya sekunde huhitaji uzito 128, na kila mmoja huzidishwa mara 8,000 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya mara milioni moja kwa ajili ya makisio, na karibu kiasi hicho tena kwa ajili ya masahihisho. Na hayo yote ni kwa mazungumzo ya watu wawili tu. Mashine za miaka ya 1960 zilizoweza kazi hiyo zilikuwa ghali mno. Mwaka 1980 Donald Duttweiler na wenzake wa maabara ya Bell walieleza kifuta mwangwi kizima kilichoingia katika chipu moja. Tangu hapo bei ilishuka, na katika miaka iliyofuata vifuta mwangwi vikachukua nafasi ya bawabu katika njia za setilaiti na za masafa marefu duniani.

Mwaka 2009 nyaya za nuru za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. TEAMS hutoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, safari inayokaribia kilomita 5,000. Nuru hukimbia ndani ya kioo karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo huimaliza safari hiyo kwa sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Mtu angedhani kwamba mwangwi umekwisha. Lakini simu za mkononi, zilizoenea Kenya tangu mwaka 2000, huikusanya sauti, huibana, huifunga katika vifurushi na kuifungua tena, na kazi hiyo peke yake huweza kuichelewesha sauti karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Tena, mtu akiweka simu juu ya meza ili jamaa wote wasikie, sauti itokayo katika spika hugonga kuta na kurudi katika mikrofoni. Ndiyo maana leo kifuta mwangwi kimo katika mitambo ya kampuni za simu na kimo pia ndani ya simu yenyewe. Familia ya Githongo ikiizunguka simu jioni kuzungumza na ndugu aliye ng'ambo, kanuni ya mwaka 1959 inafanya kazi katikati yao, ikijisahihisha maelfu ya mara kila sekunde, na kila mtu akisogea chumbani inajifunza upya.

Ninyi vijana msomao hesabu, huenda mkajiuliza mara nyingine faida ya kuzidisha na kutoa tarakimu zisizo na uhusiano na maisha yenu. Kumbukeni yule mama na neno lake lililokatika. Dawa ya kwanza ilizipunguza sauti zote, na dawa ya pili ilimfunga mtu mmoja kinywa ili mwingine asisumbuke. Dawa ya tatu ilichelewa kupatikana, kwa sababu ilitaka watu waijue tabia ya mwangwi badala ya kuufungia mlango. Ilipopatikana, mama aliweza kumaliza sentensi yake hata kama mwanawe alikuwa akisema wakati ule ule. Wengi wanaoitumia hawajui kwamba ipo. Nao hawana sababu ya kujua, maana kazi yake ikiwa njema hakuna kinachosikika ila sauti ya yule wanayezungumza naye.